Ufunguo Mfukoni mwa Ngosha

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Paskazia alikunywa uji amesimama dirishani. Nje, wapangaji wenzake wanne walikuwa mlangoni pa bafu, kila mtu na ndoo yake. Nyumba ile ya Buzuruga ilikuwa na bafu moja, kufuli moja, ufunguo mmoja. Ngosha, mlinzi wa ghala, alikuwa kaanza kuoga pale bosi wake alipopiga simu. Akafunga bafu, akaondoka na mapovu masikioni, ufunguo mfukoni.

Hellen, mmoja wa wale wanne, alitikisa kufuli. Akatikisa tena.

"Si ukae chini, binti?" Machibya, mume wa Paskazia, alimwambia kutoka kibarazani.

"Nikikaa nitapitwa, babu. Wewe huna haraka, kazi yako kuota jua!"

Paskazia akaweka kikombe. Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta.

"Unacheka nini, mama Winnie?" Machibya alimwuliza mkewe.

"Nitakwambia jioni, baba Winnie. Nikianza sasa nitachelewa."

Jioni hakurudi. Moyo wake ulisimama kazini, saa tisa alasiri.

Machibya hakusoma. Alijua tu kwamba mkewe alitunza kompyuta za chuo, na kwamba mashine moja ilikuwa imemkondesha wiki tatu. Arobaini ilipopita, watu wakarudi makwao. Yeye akabaki na jambo moja lililomkereketa: alicheka nini? Akavaa koti, akaenda chuoni.

Shruti, binti aliyefanya kazi na Paskazia, alimvutia kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenzako siku ile alitoka nyumbani anacheka. Nataka kujua alicheka nini."

Shruti alionyesha mashine ukutani. "Hii ni moja, lakini ndani tumetengeneza kompyuta nane za kujifanya. Kila moja inadhani ina ubongo wake. Kumbe wanaazimana ubongo wa mashine hii, kwa zamu. Sasa mmoja anashika kufuli, wenzake wasimwingilie, ili aandike kitu, afungue. Kazi ya kufumba na kufumbua. Mashine hii kubwa ikimnyang'anya zamu hapo hapo, analala na kufuli mkononi."

"Na wenzake?"

"Wanatikisa mlango. Mara milioni. Mashine inachemka, kazi haiendi."

"Ngosha huyo," alisema Machibya.

"Ndiye! Mama aliingia hapa anamtaja Ngosha, Ngosha. Tukadhani ni fundi."

"Fundi! Yule hata redio inamshinda."

Wakacheka wote wawili. Kisha Machibya akasogeza kiti.

"Basi wanaosubiri walale, waamshwe pakifunguliwa."

"Ndivyo alivyofanya. Lakini kulala na kuamshwa kuna gharama yake, mzee. Kufuli likishikwa kidogo tu, aliyelala anachelewa kuliko aliyesimama mlangoni akitikisa. Kazi ndogo, kama kuongeza moja kwenye hesabu, aliziondolea kufuli kabisa. Zinafanyika kwa mkupuo mmoja, hakuna wa kuingia katikati."

"Hapo kazi imekwisha."

"Haijaisha. Wote wakitaka hesabu ile ile moja, wanasukumana."

Machibya aliitazama mashine. Ilikuwa inavuma kama nyuki. Mkewe alikaa na hii miaka yote, na yeye hakuwahi kuuliza.

"Kwa hiyo mtu asimame muda gani ndipo alale?"

Shruti alimtazama. "Swali hilo hilo nilimwuliza siku ile, saa nane. Alinijibu: 'Sijui, Shruti. Ukiwatazama, wa kusubiri kidogo na wa kusubiri sana wamesimama namna moja. Lete kalamu, tuwapime muda wao.'"