Baba Alipotaka Kusimuliwa Nyota

Mwanangu, ipo jioni moja ya kiangazi ambayo naikumbuka hadi leo. Tulikuwa nyumbani Heru Juu, tumemaliza kula ugali wa muhogo na maharage, tukabaki uani tukipunga upepo. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la saba. Kaka yangu Zebedayo, mwalimu wa sekondari, alikuwa amekuja likizo. Baba yetu alikuwa mwinjilisti. Alikuwa amejumlisha miaka ya wazee wote wa kitabu cha Mwanzo, tangu Adamu, akapata jibu lake: mbingu na nchi hazijapita sana miaka elfu sita. Ndivyo alivyotufundisha. Niliipenda hesabu ile, maana ilimfanya Adamu aonekane kama jamaa wa kijiji cha jirani.

Zebedayo akanyoosha mkono kwenye ule ukanda mweupe wa nyota uliokatiza juu ya paa letu.

"Baba, mwanga wa pale katikati umesafiri zaidi ya miaka elfu ishirini ndipo ukatufikia."

Baba akamgeukia. "Kwa hiyo Musa aliyeandika Mwanzo alidanganya?"

"Sijasema hivyo. Nasema Mungu ni mkubwa kuliko hesabu zetu."

"Zetu, au zangu?"

Ugomvi ukaanzia hapo. Jumapili Baba akamtaka asimame mbele ya waumini, akanushe. Kaka akasimama. Akasema anamwamini Mungu aliyeumba mbingu na nchi, ila hawezi kusema mwanga haukusafiri na huku anajua umesafiri. Akaketi. Tulipofika nyumbani, Baba akamwambia kwamba kama hawezi kuliacha neno hilo, basi asirudi nalo pale.

Mama alikuwa anapepeta maharage, wala hakuinua uso. "Mnagombania umri wa dunia," akasema. "Na muda wangu wa kukaa na nyinyi wote hapa, nani anauhesabu?"

Kaka akahamia Busunzu, huko Kibondo, akafundisha, akaoa. Si mbali kiasi cha kushindwa kwenda. Ukipanda basi asubuhi, jioni unakuwa umefika zamani. Lakini kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze. Mama akafariki wakiwa bado wanangojana. Msibani wakapeana mkono kama watu waliokutana benki.

Nilivyowatamani, mwanangu! Niliwatamani wote wawili mahali pamoja, hata kama ni kwa kubishana. Nilikuwa nikimpikia Baba, najikuta nimepika na cha Zebedayo.

Baadaye macho ya Baba yakaanza kufifia. Kule hospitali ya Kabanga wakatueleza kwamba ni presha ya macho, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Hakulalamika. Asubuhi moja tu akaniambia, "Nipeleke Busunzu." Nikafungasha mara moja, niliogopa asije akabadili mawazo.

Tulipofika, akasimama mlangoni akaita kwa Kiha, "Mwidiwe!" kama mgeni anayepita kusalimu. Kaka akatoka na chaki bado vidoleni. Alipotuona akashika mwimo wa mlango.

"Sijaja kuzikubali nyota zako," Baba akasema. "Nimekuja kwako."

"Karibu, Baba. Hapa ni kwako."

Giza lilipoingia tukakaa nje. Baba akauliza kama mbingu zimetakata. Kaka akasema ndiyo, hakuna hata wingu.

"Basi niambie unachokiona. Mimi sioni tena."

Zebedayo akaanza kumsimulia. Akamweleza ile nyota nyekundu na zile zinazokaa kama zimekumbatiana, halafu ukanda mweupe na sehemu zake nyeusi. Alipofika kwenye safari ya mwanga na miaka yake, Baba akatikisa kichwa.

"Hiyo siikubali."

Kaka akanyamaza. Baba akapapasa mpaka akalipata goti lake. "Nimesema siikubali. Sijasema unyamaze. Endelea."

Jioni kama ile hatukuipata tena. Mvua zilizofuata zilimkuta Baba ameshazikwa, na sasa Zebedayo naye hayupo. Hawakuwahi kukubaliana. Mimi baadaye nilisoma nikaona kaka alikuwa sahihi, dunia ni ya kale mno, na bado nasali kila Jumapili. Lakini nikiwaza miaka waliyoipoteza, na kwamba Mama hakuwaona wakikaa pamoja tena, naumia hadi leo.

Najua wewe na baba yako hamjasalimiana tangu ulipotoka kanisani katikati ya mahubiri. Ulichojifunza chuoni kuhusu umri wa dunia usikikane. Ni kweli, na kweli haihitaji kufichwa mbele za Mungu. Ila usimwachie baba yako kiti kitupu ukadhani umeshinda. Nenda leo. Mwambie unachokijua kwa upole, msikilize na yeye, na msipokubaliana, kuleni pamoja. Akikufukuza, rudi kesho. Usingoje aanze yeye.

Mungu aliyeziwasha nyota, kwa wakati anaoujua mwenyewe, akutangulie njiani. Akupe akili isiyochoka kuuliza na moyo usiochoka kurudi nyumbani. Na akujalie kuisikia sauti ya baba yako kwa miaka mingi, hata ikiwa inakupinga.