Mwajiri wa Mwisho, Jina na Simu

Fomu ya hoteli ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza niliimaliza upesi, maana shule yangu iliishia darasa la saba na haichukui nafasi. Ya pili ilitaka wadhamini watatu wasio ndugu zangu. Mchungaji alikubali. Mwenyekiti wa mtaa naye alikubali, ingawa alisema hanijui vizuri, ila hajawahi kuletewa kesi yangu. Mstari wa tatu ulikuwa umeshapangwa na wenyewe: mwajiri wa mwisho, jina na simu. Hapo nilikaa na kalamu mpaka dada wa steshenari akaniuliza kama naumwa.

Kazi ilikuwa ya dobi, kufua na kupiga pasi mashuka ya wageni. Niliitaka sana. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nafua nguo za watu nyumba kwa nyumba hapa Sokon, leo unaitwa, kesho huitwi, na ile ilikuwa kazi ya mkataba, na bima ya matibabu ndani yake. Sijawahi kuwa na bima.

Mwajiri wangu wa mwisho ni mama mmoja wa Machame mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nyumbani kwake ni Lemara. Nilimfanyia kazi za ndani miaka minane. Niandike haki yake: hakuninyima chakula hata siku moja, na nilipougua taifodi alinipeleka hospitali mwenyewe, akakaa kwenye benchi hadi nikaonwa. Niandike na upande wa pili: ana mdomo. Anaweza kukusema ukiwa umesimama palepale, kama vile wewe ni kiti.

Tuliachana wiki ya kipaimara cha binti yake. Kwao kipaimara si jambo dogo, watu wanashuka kutoka Machame na magari, mbuzi wanachinjwa, maturubai yanafungwa mpaka barabarani. Siku ya Alhamisi akina mama wa jumuiya walikuja kupanga mapishi. Mimi nilikuwa pembeni nachambua mchele. Akawaambia pilau atafutwe mtu mwingine wa kupika, kwa sababu, "Huyu akipika, wageni watakula kwa kumwonea huruma."

Wakacheka. Wawili hawakucheka. Nimejaribu sana kuwakumbuka hao wawili ili nisiwaweke kundi moja na wenzao.

Ijumaa asubuhi niliweka funguo juu ya pipa la maji nikaondoka. Nilipofika Kikwe kwa mama yangu nikampigia yule bosi wangu simu, nikamwambia mama ni mgonjwa sana. Mama alikuwa shambani anapalilia mahindi, mzima kuliko mimi. Nilikuwa nafahamu vizuri kabisa kwamba namwachia sherehe ya Jumapili bila mtu jikoni. Nikisema sikuwaza hilo nitakuwa naongopa mara ya pili. Niliwaza, na nilifurahi.

Sasa huyo ndiye niliyetakiwa nimwandike kwenye fomu.

Jirani yangu hapa Sokon, naye ni Mchaga, alinipa njia. Alisema nikate jani la isale, nilifunge fundo, nimpelekee. Mchaga akipelekewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama umemfanyia nini. Kwetu Meru jani hilo tunalijua pia, lipo mipakani kwenye mashamba, na wazee hulitumia kusuluhisha watu. Lakini mimi sikuwahi kulibeba, na sikumuuliza mtu mzima yeyote. Nilisikia neno "hawezi kukataa" nikaishia hapo.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Karibu na kwake niliona isale zimepandwa pembeni ya njia, nikakata jani moja, nikalifunga fundo.

Alikuwa barazani anamenya njegere. Nikampa shikamoo. Hakuitikia, alinitazama kuanzia kwenye viatu.

"Mama yako alipona?"

Nikasema hakuwa mgonjwa.

"Hilo nalijua. Nilimtuma mtu Kikwe Jumatatu yake, na sukari kilo mbili za kumpa pole mgonjwa. Akamkuta na jembe."

Hilo mama yangu hakuwahi kuniambia. Nikanyoosha lile jani kwa mikono miwili. Akaacha njegere. Alilitazama muda mrefu, kisha akauliza nimelikata wapi. Nikaonyesha nje ya geti.

"Hizo ni zangu," akasema. "Umekata isale kwenye uzio wangu uje kuniomba mimi msamaha."

Alicheka, lakini si kicheko cha kukukaribisha. Hata hivyo alinyoosha mikono akalipokea, akaliweka mapajani juu ya maganda. Akasema amenisamehe, mambo yale yameisha, hatayafukua tena kwa ugomvi. Halafu akaniambia sasa niseme kilichonileta, maana mtu haji baada ya mwaka kwa sababu ya pilau.

Nikamweleza habari ya fomu. Niliona uso wake unabadilika kadiri ninavyoendelea, lakini nilishaanza, nikamaliza.

"Kumbe," akasema. "Umebeba isale kama barua ya kugongewa muhuri. Wazee wangu wangekuona."

"Mama, naomba tu useme vizuri."

"Kusamehe nimesamehe. Kudanganya sikukuahidi. Wakinipigia nitawaambia ulivyoondoka."

Nikamuuliza, na ile miaka minane? Akajibu hiyo nayo ataisema, atasema vyote. Hapo hasira ikanipanda, nikamwambia basi aseme na jinsi alivyonidhalilisha mbele ya jumuiya nzima. Akaniuliza alisema nini. Alikuwa hakumbuki. Ilibidi nilirudie mimi mwenyewe lile neno lake, lote, nimesimama kwenye baraza lake. Alilifikiria kidogo.

"Mbona pilau lako kweli si zuri," akasema, akarudia njegere zake.

Lazima niandike kwamba ni kweli. Wali mweupe naweza. Pilau langu huwa linashikana.

Namba yake niliiandika, kwa sababu ningeacha wazi fomu isingepokelewa. Wiki iliyofuata hoteli wakaniita. Afisa wao, kijana mpole, alikuwa ameandika aliyoambiwa kwenye simu, akanisomea. Mwaminifu, hajawahi kupoteza hata kijiko. Anafua vizuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Aliondoka bila kuaga siku mbili kabla ya sherehe, na akasingizia ugonjwa wa mzazi.

"Ni kweli?" akaniuliza.

Nikasema ni kweli. Akataka kujua sababu. Nikaanza kumweleza habari ya mchele na akina mama waliocheka, na mle ofisini niliisikia ikiwa ndogo, kama mtoto anashtaki. Nikaiacha katikati. Akasema wao wana harusi karibu kila wiki, na mtu wa kuondoka siku mbili kabla hawamwezi. Akanishukuru kwa kuja.

Nilirudi nyumbani kwa miguu natafuta uongo kwenye maneno ya yule mama. Hata mmoja ungenitosha. Angeongeza chumvi kidogo tu, angesema siku moja badala ya mbili, ningekuwa na kitu cha kumshikia. Sikupata. Na hilo la kufua kuliko wote, mbona miaka minane hakuniambia?

Mwezi huu tumekutana sokoni kwenye nyanya. Nikampa shikamoo, ilinitoka kavu. Yeye akaitikia vizuri kabisa, akamuulizia mama yangu, akauliza kama kazi nilipata. Nikasema sikupata. Akasema pole, na sikuona kejeli usoni kwake, nilitafuta. Kwake yameisha kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika nyanya mpaka muuzaji akaniambia dada, utaipasua.

Nina fomu nyingine hapa mezani, usafi wa zahanati, na mstari uleule upo. Jirani ameniambia niandike jina la dada yake, atajifanya bosi wangu na atanisifu mpaka wachoke, watu wengi wanafanya hivyo. Siku mbili nililiwaza hilo na nusura nikubali. Leo nimeandika jina la yule mama. Kwenye sababu ya kuacha kazi nimeandika mwenyewe: niliondoka bila kuaga.

Sikwenda kumwomba ruhusa wala siendi. Apigiwe tu. Apigiwe akiwa dukani, wateja wamejaa, aache kuhesabu nondo aanze kunieleza upya.