Mshona Magunia wa Tunduma na Jibu la Kumi na Mawili

Restuta Silwimba hakuwa na darasa la tano. Hakuwa na meza ya kuandikia, hakuwa na miwani, hakuwa na mume wa kumtuma kwenye vikao vya shule, na mpaka jana jioni hakuwa hata na bahasha. Alichokuwa nacho ni shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na miaka kumi na tisa ya kuitumia.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Tunduma. Restuta, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anashona gunia la tisa katika ua wa mahindi. Anakunja mdomo wa gunia, anapitisha uzi, anavuta, anaacha masikio mawili ya kushikwa na wapakiaji. Haangalii mikono yake.

"Bamayo, leo unakimbizwa na nani?" anatania mpakiaji mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Na barua," anajibu. "Beba gunia lako uniache."

Kwa siku moja hushona magunia tisini, na msimu ukichangamka hufika mia na ishirini. Lakini barua hiyo, ya ukurasa mmoja na nusu, imemchukua siku nne.

Inamhusu binti yake, Fides, wa darasa la sita, aliyekuwa katika timu ya hesabu ya shule yake. Timu ina watoto sita na hufanya mazoezi kila Jumamosi. Ina desturi yake: mtoto akikosea ubaoni, wenzake hupaza sauti pamoja, "Futa!" Naye hufuta jibu lake na kurudi kukaa.

Wazazi wengi wanaipenda desturi hiyo, na wana sababu. Jastin Siame, mwenye lori la kusomba mahindi kutoka Itaka, anasema binti yake Tabita alikuwa akiogopa ubao kama mbwa mkali.

"Sasa ananishinda mimi baba yake," anasema. "Hiyo futa inanoa. Kisu hakinolewi kwa kubembelezwa."

Restuta habishi. Kabla ya timu, Fides alikuwa mtoto wa kuitikia tu. Baada ya miezi mitatu alianza kusimama uani na kumsahihisha karani aliyeruka magunia mawili katika kuhesabu. "Nilijisikia nimevishwa kitenge kipya," anasema Restuta.

Mwezi uliopita timu ilikwenda Vwawa kushindana. Ikalingana na timu nyingine mpaka swali la mwisho, na zamu ilikuwa ya Fides. Mkulima ana madebe themanini na manne ya mahindi. Atajaza magunia mangapi?

Fides alijibu bila kusita: "Kumi na mawili."

Jibu lililotakiwa ni kumi na manne, kwa kuwa kitabu chao kinahesabu gunia kuwa madebe sita. Lakini Fides amekulia katika ua ambako gunia hujazwa lumbesa, debe la saba likikaa juu kama kilemba. Kombe likachukuliwa na wengine. Kabla gari halijafika Tunduma, mtoto alikuwa amepata jina jipya: Lumbesa.

Tangu siku hiyo hakwenda tena mazoezini. Jumamosi tatu zilipita, na fomu ya mashindano yajayo inafungwa Jumatatu. Nafasi yake ikiandikwa jina la mwingine, mwaka huu hairudi.

Katika kikao cha wazazi, Jastin alisema wazi kwamba mtoto mwingine aingizwe. "Simchukii mtoto wa mtu," alisema, "lakini kombe halimsubiri anayenuna."

Restuta alisimama. Waliokuwepo wanasema sauti yake ilifika benchi la nyuma kwa shida.

"Baba Tabita, naomba nikuulize. Wewe unabeba mahindi. Gunia linajaa kwa madebe mangapi?"

"Saba," alijibu Jastin, papo hapo.

Kisha mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Futa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Jastin mwenyewe akajifunika uso kwa kofia.

"Mwanangu hakukosea kugawanya," alisema Restuta. "Alikosea gunia."

Mwalimu wa timu, Gwalugano, alitoa uamuzi wa haki. Nafasi ingebaki wazi mpaka Jumatatu, ikiwa mama angeandika ombi lake kwa kamati ya shule na mtoto mwenyewe akalileta. "Kwa mdomo ningelia," anasema Restuta. "Kwa kalamu nitafika mwisho." Kuandika barua alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni la watu wazima, akiwa na miaka thelathini na minne, mikono ikinuka vumbi la mahindi.

Aliandikia juu ya gunia lililojaa, badala ya meza. Sehemu ya barua inasema hivi:

"Siombi timu ivunjwe, imemfaa mwanangu kuliko nilivyoweza mimi. Naomba neno moja liongezwe. Kabla ya kusema futa, mtoto aulizwe: umepataje? Huenda mwenye kosa si yeye. Lumbesa aliyoihesabu naishona mimi, tajiri akiagiza, na sijivunii. Jumamosi moja waleteni watoto wote uani, wapime kwa debe, wajue la kitabu na la sokoni."

Saa mbili kasoro, Fides anafika uani akiwa na sare ya shule. Restuta anakunja karatasi na kuitia katika bahasha. Gundi ya bahasha imekauka, haishiki. Anaitazama kidogo, kisha anachomoa shazia.

Anashona mdomo wa bahasha mishono minne, anavuta uzi, anaacha ncha mbili kwenye pembe.

"Mama! Umeiwekea masikio!" Fides anacheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Ili uishike vizuri. Mpe mwalimu mkononi."

"Wakiniita Lumbesa?"

"Waulize: mmepataje?"

Mtoto anahesabu jambo fulani kichwani. Kisha anaishika barua kwa masikio yake mawili, anavuka barabara ya malori, na kushika njia ya shule, saa ileile ya mazoezi. Nyuma yake Restuta anavuta gunia jingine. Kabla hajalikunja mdomo, anachota debe la saba la juu na kulirudisha kwenye lundo.