Uso Walificha, Sauti Wakaiacha

Mgeni akiuliza Kasiva yuko wapi katika soko la mbuzi la Ikutha, hakuonyeshwa kwa kidole. Aliambiwa, "Nyamaza kidogo, utamsikia." Na alimsikia kweli. Sauti yake ilitoka chini kabisa kifuani, nzito, yenye mkwaruzo mwishoni, na wanunuzi waliotoka mbali walisema Kasiva akikuitia bei ya beberu, unalipa kabla hujamfungua mdomo kumwangalia meno. Jumapili sauti hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha nyimbo kanisani. Kwaya nzima ilikaa ikimsubiri.

Lakini kilichomwingiza katika biashara ya mbuzi hakikuwa sauti. Kilikuwa harufu.

Wanawake wenzake waliuza ndengu, kunde na nyanya. Mbuzi walikuwa kazi ya wanaume. Naye Kasiva alikuwa na kibanda chake cha ndengu, mpaka mwaka ule mto ulipofurika akiwa na uchungu wa kuzaa na gari halikuweza kuvuka. Walipofika hospitalini mtoto alikuwa ameshakufa tumboni, na yeye mwenyewe alibaki na jeraha la ndani ambalo hakuna aliyemweleza vizuri. Alichojua ni kwamba mkojo ulikuwa haumtii tena. Ulimtoka akilala, ulimtoka akitembea, ulimtoka akiimba. Akajifunza kujifunga vitambaa, kuvifua kabla ya kuku kuwika, kuvianika nyuma ya choo mahali ambapo mgeni hapiti. Siku moja mteja aliinama kuchagua ndengu, akakunja pua, akainuka akaenda kibanda kingine bila kusema neno. Wiki hiyo hiyo Kasiva aliuza akiba yake yote ya ndengu akanunua mbuzi. Anayeshinda na mabeberu, nani atamuuliza ananuka nini?

Akaishi hivyo zaidi ya miaka kumi. Binadamu mmoja tu ndiye aliyejua, mume wake Musembi, aliyekuwa soja wa kulinda shamba moja huko Kiboko na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Musembi hakuwahi kumtukana. Usiku mmoja alichukua blanketi lake akaenda kulala kitanda cha wageni, na toka siku hiyo hakurudi. Yeye hakueleza, na Kasiva hakuuliza. Asubuhi walikunywa chai pamoja kama kawaida.

Kisha uchaguzi ukakaribia, na mheshimiwa mmoja wa upande ule akaleta madaktari mjini Kitui kutibu wanawake wenye ugonjwa huo bila malipo. Kasiva alisikia tangazo kwenye redio ya Kikamba akiwa peke yake jikoni. Alisimama na mwiko mkononi mpaka mboga ikaungua. Majirani aliwaambia anaenda kumtembelea dada yake.

Walimpasua, wakamshona, wakamlaza kwa siku kadhaa na mpira wa mkojo. Asubuhi ya kwanza baada ya mpira kutolewa aliamka akapapasa shuka. Kavu. Akapapasa tena upande wa pili, kama mtu aliyeangusha kitu kidogo gizani. Kavu. Akajifunika uso kwa shuka hiyo akalia bila sauti, kwa sababu kulia bila sauti ndiko alikokuwa amezoea.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, alikuja msichana aliyevaa fulana yenye picha ya mheshimiwa, na kamera imening'inia shingoni. Jina lake lilikuwa Nzilani. Alikuwa na adabu, na alimwita Kasiva mwaitu, kama mtu anavyomwita mama yake mzazi.

"Mwaitu, huko vijijini kuna akina mama wengi hawajui hii kitu inatibika," alisema. "Wakisikia kutoka kwa daktari hawaamini. Wakisikia kutoka kwako watakuja."

"Na watu wataniona?"

"Uso hatutaonyesha. Na jina hatutaji. Mimi mwenyewe nitahakikisha."

Kasiva aliangalia kitanda cha pembeni. Palikuwa na msichana ambaye angeweza kuwa binti yake, aliyefukuzwa kwa mumewe, mkeka wake ukatupwa nje. Akasema sawa.

Alidhani ataongea maneno mawili matatu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, na swali lilipokuja lilikuta ghala limejaa. Alieleza mto, akaeleza vitambaa, akaeleza kwa nini aliacha ndengu. Alieleza hata kitanda cha wageni. Nzilani alikuwa anafuta machozi nyuma ya kamera. Kasiva alitoka pale akijisikia mwepesi, kama ameshushwa gunia.

Miezi michache ikapita. Hiyo ndiyo ilikuwa miezi mizuri ya maisha yake. Alinunua sketi nyeupe, kwa vile tu angeweza kuivaa.

Kisha ikafika siku moja ya soko. Alikuwa anapatana bei na Mulinge, mfanyabiashara wa mbuzi waliyejuana miaka mingi, wakati kijana mmoja aliyeegemea ua alipoongeza sauti ya simu yake. Kasiva akajisikia akiongea. Alikuwa amefunga mdomo, na huku anaongea.

"Niliingia kwa mbuzi," sauti ilisema, nzito, na mkwaruzo wake mwishoni, "ndio watu wakisikia harufu waseme ni mbuzi."

Mulinge aliangalia simu. Kwenye kioo alikuwepo mwanamke ambaye uso wake umefanywa ukungu. Kisha Mulinge akamwangalia Kasiva, na kabla hajajizuia, macho yake yakashuka mpaka kwenye sketi. Watu walikuwa wanageuka mmoja mmoja. Sauti iliendelea, ikasema mambo ya vitambaa, ikasema, "Mume wangu alihama kitanda, na mimi sikumlaumu." Mwisho kabisa akatokea mheshimiwa akicheka, na wimbo wake wa kampeni ukapigwa.

"Aiya," mtu akasema.

Wengine walicheka. Hawakuwa wengi. Mulinge alilipa bei ambayo Kasiva alikuwa ametaja mwanzoni, bila kupunguziwa hata shilingi, akampokea beberu na kuondoka haraka. Huruma hiyo ilimchoma kuliko kicheko.

Video ilikuwa imeshafika kote kabla yeye hajaisikia. Vijana walikata kipande kile cha "waseme ni mbuzi", wakakiwekea mdundo, wakawa wanacheza huku wameshika pua. Watoto waliotoka shuleni walikiimba barabarani bila kujua ni cha nani. Wasiojua walikuwa watoto tu.

Musembi alikuja kutoka Kiboko katikati ya mwezi. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kofia ya kazi ikiwa bado kichwani. Chai aliyowekewa hakuigusa.

"Masoja wenzangu wameiona," alisema. "Wananiuliza kama kitanda nilichohamia kilikuwa kizuri."

"Sikutaja jina lako."

"Na lako walilitaja?"

Kasiva akaangalia chai iliyokuwa inapoa.

"Hiyo ilikuwa siri yetu sisi wawili," Musembi alisema. "Mama yangu alikufa bila kujua. Ndugu zangu walikuwa wananiuliza kwa nini hatuzai tena, nikawaambia mimi ndiye sitaki. Nilibeba aibu yako na mdomo wangu ukiwa umefungwa."

"Uliibeba ukiwa umelala chumba kingine."

Neno lilikuwa limetoka na halikuweza kurudishwa. Wote wawili walikuwa wamesema ukweli, na ndiyo maana hapakuwa na la kuongeza. Musembi alirudi Kiboko alfajiri.

Pasta naye alimwita baada ya ibada. Alimwambia kwa upole kwamba, kwa vile watu wameshajua, ingefaa atoe ushuhuda mbele ya kanisa, Mungu atukuzwe. Kasiva akamuuliza kama mzee wa kanisa aliyetibiwa kaswende naye ataitwa kutoa wake. Pasta akakohoa. Kuanzia Jumapili iliyofuata nyimbo zilianzishwa na mtu mwingine.

Akaenda mjini Kitui, kwenye ofisi ya mheshimiwa. Walimkalisha kwenye benchi tangu asubuhi. Mchana Nzilani akapita, akamwona, akasimama.

"Mwaitu! Si umependeza!"

"Uliniambia utaficha."

Nzilani akamwingiza chumba kidogo chenye kompyuta, akafunga mlango. Uso ulikuwa umemshuka. "Tulificha uso, mwaitu. Na jina hatukutaja."

"Sauti yangu mliificha wapi?"

"Sikufikiria sauti."

"Mimi huuza mbuzi kwa sauti. Kanisani hunijua kwa sauti. Mtu akinipita kwa giza nikisema habari, anajua ni Kasiva. Ungeonyesha huu uso, nusu ya Ikutha wangeuliza huyu ni nani."

Nzilani alieleza kwamba kuna kifaa cha kubadilisha sauti, kazi ya dakika chache, lakini wakubwa walitaka video itoke upesi, na walisema sauti ikibadilishwa haitagusa mioyo. Alisema hivyo akiangalia chini. Kisha akaifungua kompyuta na kuiondoa video kwenye ukurasa wa mheshimiwa, Kasiva akiwa anaangalia.

"Imetoka," alisema.

"Na zile zingine?"

"Hizo si zetu, mwaitu. Hizo ziko kwa watu. Unaweza kuziripoti moja moja."

"Kwa nani?"

Nzilani alitaja kampuni, akataja nchi ambayo kampuni hiyo iko. Kasiva akacheka. Hakuwa na nia ya kucheka, lakini aliona picha yake mwenyewe, na sketi yake nyeupe, akiwa kwenye lango la nchi hiyo akiulizia sauti yake.

"Mwenye kuku anayeibiwa huenda kwa chifu," alisema. "Mimi mwenye sauti naambiwa nivuke bahari."

Nzilani alianza kulia. Kasiva hakumbembeleza.

Mwezi uliofuata, siku ya soko, alifuatwa na Nasima, mwanamke wa Kiislamu kutoka Mwingi ambaye huja Ikutha kuuza leso na mitandio. Walikuwa wanajuana kwa salamu tu. Nasima alimvuta nyuma ya lori la mifugo.

"Dada yangu, nisamehe nikikosea. Yule wa video ni wewe?"

Kasiva akashika ubavu wa lori.

"Mke wa mwanangu alikuwa na hiyo shida," Nasima akasema kwa kunong'ona. "Tulikuwa tumemficha ndani kama mgonjwa wa laana. Akakusikia kwa simu. Akasikiliza usiku kucha. Asubuhi akaniambia, mama, nipeleke. Amepona. Nilikuwa nataka nikushike mkono tu."

Akaushika, kwa mikono yake yote miwili. Kasiva akahisi kitu kikilegea ndani yake, na papo hapo hasira ikakibana tena. Kwa hiyo sasa hata kukasirika kusingekuwa halali yake. Wangemwambia, unaona, ilisaidia.

"Anaitwa nani, huyo msichana?" aliuliza.

Nasima aliachia mkono wake. Akaangalia huku na huku. "Jina lake, dada, siwezi kulitaja. Unajua watu."

"Vizuri," Kasiva akasema. "Usilitaje kwa mtu yeyote. Hata wakiapa."

Kisha chifu akaita baraza. Maafisa wa mradi fulani walikuwa wamekuja kueleza kwamba msaada wa ukame na matibabu sasa vitapitia kwenye simu, na kila mtu ataandikishwa: picha, alama za vidole, watoto, magonjwa. Afisa aliongea Kiswahili kizuri chenye tai. Alirudia mara nyingi kwamba habari zao ziko salama. Akauliza kama kuna maswali.

Kasiva alisimama. Hakuwa amepanga kusimama.

"Unasema ziko salama," alisema, na kwa vile alikuwa hajapaza sauti hadharani tangu siku ile, wote wakageuka. "Salama kwa nani? Mimi nilitoa ugonjwa wangu kwa mtu mmoja, ukaenda kwa nchi nzima. Sikuibiwa na mwizi. Nilichukuliwa na watu wazuri, wenye adabu, wananiita mama. Tukililia maji hapa, serikali inapotea njia. Ikija na kamera inafika mpaka kitandani. Na sisi wenyewe si wasafi. Hiyo video si mheshimiwa aliyeituma kwa kila simu ya Ikutha. Ni nyinyi. Mlinijua, mkaituma."

Hapo ndipo alipoziona. Simu zilikuwa zimeinuliwa, moja huku, mbili kule, safu nzima nyuma.

"Shusheni hizo simu," alisema.

Wachache walishusha. Mmoja aliishusha mpaka kifuani tu, jicho la kamera likiwa bado linamtazama.

"Nawaomba. Shusheni."

Chifu alisema watu wamheshimu mama. Afisa alimshukuru kwa mchango mzuri na kusema utazingatiwa. Kasiva akaketi, halafu akaona hawezi kuketi pale, akatoka, na simu zikamfuata mpaka kwenye lango.

Jioni Musembi alipiga simu kutoka Kiboko. Walikuwa hawajaongea wiki kadhaa.

"Umetoka tena," alisema. "Safari hii na uso."

"Wameandika nini?"

"Wameandika mama wa mbuzi amkomesha afisa." Akaongeza, "Watu wanakusifu. Wengi sana."

"Na wewe?"

Alisikia upepo wa Kiboko kwenye simu, na lori likipita kwenye barabara kuu.

"Ulisema vizuri," Musembi alisema. "Lakini sasa hata asiyejua, anajua."

Akauliza kama mbuzi wamepata maji. Kasiva akasema wamepata. Musembi akasema atakuja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukafika, akatuma neno kwamba ameongezewa zamu.

Kasiva hajaacha kazi. Siku ya soko humkuta pale pale, lakini haiti tena bei. Mnunuzi akimkaribia humwonyesha bei kwa vidole, na akilazimika kuongea husogea mpaka sikioni, kama anayesema jambo la siri, kumbe ni bei ya mbuzi tu.