Nilimwita Mkimbizi, Akaenda Vitani

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kugawana naye. Mdomo wangu ndio uliompeleka mwalimu mwenzangu kwenye vita vya Kagera. Hakurudi!

Tulifundisha shule moja hapa Ujiji, yeye hesabu, mimi Kiswahili. Alikuwa Muha wa Kasulu, na "l" yake ilikuwa "r". "Watoto, wekeni karamu chini!" Darasa zima linacheka, nami nacheka kuwazidi.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi, waliovuka ziwa kwa mitumbwi, walikuwa wengi mkoani, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Basi siku moja, mbele ya walimu wote, nikamtania: "Mwarimu, wewe ulivuka na mtumbwi upi?"

Utani, jamani! Wanafunzi wakaubeba hadi nyumbani, wazazi wakaufikisha kwa viongozi. Akaitwa kwenye kikao cha kata aeleze kwao ni wapi.

Nami nilikuwepo! Kwao nilipajua. Nilishalala kwa mama yake, nikala ugali wa muhogo, nikaagwa na mkungu wa ndizi. Neno moja tu lingetosha. Nikanyamaza, nikiogopa wasije wakauliza nani aliyeanzisha.

Alitoka pale uso umemsawijika. Mwito wa mgambo ulipokuja, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Nikamfuata mbio. "Mwalimu, acha! Hujalazimishwa."

Akanitazama kwa upole ulioniumiza kuliko tusi. "Dada, nikirudi na sare, nani ataniuriza tena?"

Ewe Mola! Tangu siku ile kila redio ilipofunguliwa niliacha chaki nikakimbilia kusikiliza habari za vita. Habari ilipofika, nilijua kabla mwalimu mkuu hajafungua kinywa.

Mama yake alikuja kuchukua vitu vyake. Nikamkumbatia, nikalia kuliko yeye. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, sasa wamekubari kwamba ni wa hapa?"

Nikainama kumfungia mzigo. Sikumwambia kuwa ni mimi niliyeanzisha. Amekufa akiniita binti yake.

Husemwa mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza cha mwenzangu. Sasa wakimbizi wamejaa tena, na nawasikia vijana wa mtaa wa Katubuka wakimcheka mtu kwa matamshi yake. Naogopa, wenzangu, naogopa sana! Mkisikia mtu anaulizwa kwao wapi, nanyi kwao mnapajua, semeni palepale. Mimi nilinyamaza, na mama mmoja wa Kasulu hakupata hata kaburi la kupalilia.