Goti Moja Katika Nyumba ya Ukimya

Sauti yangu ilikauka darasani, katikati ya kipindi cha jiografia, na haikurudi hata baada ya asali, tangawizi na maombi ya jumuiya. Daktari alisema nyuzi za sauti zimechoka: nikinyamaza kabisa kwa majuma kadhaa huenda zikapona, nisipotii, nitafute kazi isiyo na ubao. Kazi nyingine sikuijua, wala sikuitamani.

Lakini nani anyamaze Biharamulo? Kutoka kwangu hadi shuleni, kila uzio ulinidai salamu. Nisipoitika asubuhi, jioni habari ilikuwa imefika Nyabusozi kwamba mwalimu siku hizi anaringa. Ndipo nikaamua kwenda India, kwenye nyumba moja ya yoga mlimani, ambako kusema ni marufuku na anayesema huombwa kufungasha.

Nilikwenda Ngara kumuaga mama. Akauliza nasafiri na nani.

"Peke yangu," nilinong'ona.

"Mwanangu, mimi nimezeekea hapa jirani na kambi ya wakimbizi ya Lukole. Wote niliowaona wakija bila ndugu walikuwa wanakimbia. Wewe unakimbia nini?"

"Salamu, mama."

"Yesu wangu! Wenzako walikimbia vita, wewe unakimbia shikamoo?"

Hata hivyo alinifungia karanga, akanisindikiza hadi barabarani akisali rozari kwa sauti kubwa, kana kwamba anasali na sehemu yangu.

Shida ilianza asubuhi ya kwanza mlimani, nilipokutana ukumbini na bibi mmoja mwenye nywele nyeupe pe, mgeni kama mimi, wa nchi ambayo sikuruhusiwa kuiuliza. Kumpita mzazi bila kumwamkia ni jambo ambalo magoti yangu hayakuwahi kufundishwa. Kinywa nilikifunga, magoti yakaenda yenyewe. Nikashuka hadi goti moja likagusa sakafu, nikaupokea mkono wake kwa mikono miwili, nikainuka, nikaendelea na safari yangu ya uji.

Nikafanya hivyo kila asubuhi. Haukupita muda nikamwona bibi akimpigia goti kijana mmoja mwenye ndevu, na kijana akampigia goti mpishi. Walidhani ni mkao wa yoga ambao wao walichelewa kufundishwa. Mwalimu wetu alituchunguza kwa makini, kisha akauingiza katika mazoezi, mara tu baada ya ule wa kusimama kwa mguu mmoja.

Hapo ndipo bibi alipogeuka, akapiga goti mbele yangu. Mtu wa umri wa mama yangu! Nikashuka chini zaidi yake, upesi, kabla laana haijanikuta. Akatabasamu, akadhani hiyo ni hatua ya pili, naye akashuka. Nikaweka viwiko sakafuni. Akaweka. Mwishowe tulikuwa tumelala kifudifudi kama mihogo iliyoanikwa, shavu chini, tukitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake ashindwe.

Kisha uso wake ukakunjamana. Kiuno kilikuwa kimegoma. Alifungua kinywa, akaikumbuka sheria, akakifunga, chozi likamtoka. Darasa zima lilikuwa limefumba macho, likivuta pumzi kwa utulivu mkubwa.

Nilimfikiria daktari. Nikaufikiria na ubao wangu. Kisha nikapaza sauti:

"Njooni! Mama ameumia!"

Kwa Kiswahili, juu ya mlima, India. Na sauti ikatoka nzima, ile ile iliyokuwa ikiwanyamazisha wa madawati ya nyuma; ikagonga ukuta, ikarudi. Njiwa waliruka kutoka paani.

Walimwinua, wakamkanda mgongo hadi akaweza kuketi. Mwalimu alinitazama kwa huzuni, akaonyesha mlango. Kabla ya kutoka nilimpigia bibi goti la kuagana. Safari hii alinikatalia kwa kidole, akicheka bila sauti huku ameshika kiuno.

Nilipofika kituo cha basi nilimpigia mama simu. Kwake kulikuwa hakujapambazuka.

"Shikamoo, mama!"

Nilisikia kitanda chake kikilia alipoinuka kuketi.

"Marahaba," akasema. "Sasa punguza, mwanangu. Kuku bado wamelala."