Pumzi Moja Kabla ya Filimbi

Anaitwa Mama Filimbi, binti Fundi Saa, mjukuu wa Mkunga wa Mtaa wa Juu. Hilo ndilo jina lake lote, na wanaomjua hawalikati. Bibi yake alizalisha nusu ya mtaa ule na hakutoa nje siri ya chumba hata kimoja, ndiyo maana hata walevi walimwamkia kwa adabu. Baba yake alipanda mnara wa stesheni siku saa kubwa ilipokufa, akaingia tumboni mwake kama mtu anayeingia chumbani kwake, akatoka jua likiwa limekwisha geuka, ana grisi mpaka kwenye nyusi, na saa ikarudi kusema kweli. Yeye mwenyewe ndiye mwanamke wa kwanza kuchezesha mpira wa kikapu wa kulipwa katika ligi yao, enzi ambazo wanaume walikuwa wakimuuliza kama amepotea njia ya jikoni. Hakuwajibu. Alipuliza filimbi, wakakimbia.

Waliomwona uwanjani walidhani uso ule umechongwa. Hacheki, hanuni, hakunji hata kipaji cha uso. Lakini ndani, mtu asikudanganye, alikuwa mwota ndoto wa kupindukia. Siku ya mchezo alifika asubuhi, mfagizi hajamaliza kazi yake, akavua viatu na kutembea kwa soksi juu ya sakafu ya mbao, polepole, ameinamisha kichwa. Zipo mbao zinazoitika na zipo zilizolala. Mwanga ulishuka kutoka madirisha ya juu umebeba vumbi, na vumbi lile lilimfanya ajione yuko chini ya maji matulivu, kikapu kikining'inia mbali huko juu kama mdomo wa kisima.

"Leo unamtafuta nani humo chini?" mfagizi humuuliza.

"Namtafuta aliyekuzidi kufagia."

"Huyo hajazaliwa."

"Basi bibi yangu angekuwapo, angemzalisha."

Msimu mmoja ilikuja kanuni ambayo wachezaji waliibatiza jina la sheria ya uso. Wakubwa wa ligi walisema wamechoka na watu wazima wanaorusha mikono, wanaojipiga vifua, wanaomkodolea mwamuzi macho, wanaolia mbele ya kamera. Atakayeonyesha hasira au furaha iliyopita kiasi atapewa kosa la adabu, na la pili likija anatoka nje ya mchezo. Na mwamuzi atakayejifanya haoni, naye atakaa kando.

"Mama, nikipiga chafya je?" mchezaji mmoja alimuuliza.

"Piga. Usiipige kwa hasira tu."

Waamuzi wengine waliishika sheria hiyo kama panga. Filimbi zililia kwa kila aliyenyanyua nyusi, mpaka wachezaji wakawa wanacheza kama watu waliokwenda kuhani msiba. Mama Filimbi alikuwa na utaratibu wake, na aliutangaza wazi, hakumficha mtu. Mchezaji akilipuka, yeye anavuta pumzi moja na kuiachia. Pumzi hiyo ikiisha na mchezaji bado anawaka, viganja vyake vinakutana, kimoja kimelala juu ya vidole vya mwenzake, ishara ya kosa la adabu, na hakuna wa kumbembeleza.

"Pumzi ya kwanza ni yako," aliwaambia. "Ya pili ni yangu."

Alijifunza hilo kwenye meza ya baba yake. Alipokuwa mtoto alisimama kando ya meza ya Fundi Saa, kidevu kikigusa ukingo, wakati mzee anatia kamani, springi ya saa ndogo kama unywele, mahali pake. Mtu akihema tu, kamani imeruka, na kuitafuta sakafuni ni kazi ya kutwa. Kwa hiyo baba alishika pumzi, na mtoto naye akashika. Chumba kizima kilitulia kama maji mtungini, zile saa zote ukutani zikigonga, hakuna hata moja iliyokubaliana na mwenzake. Kwake yeye utoto ulikuwa hapo, ndani ya pumzi ile.

Alikuwa amechezesha kila aina ya mchezo isipokuwa fainali. Kulikuwa na sababu kila mwaka. Kwanza alikuwa bado kijana, halafu ana mimba, halafu watoto ni wadogo, halafu magoti yameanza kuzeeka. Msimu huo ulikuwa wake wa mwisho, maana umri wa kustaafu haubembelezwi, na wakubwa walimwahidi kwa kinywa chao: chezesha nusu fainali vizuri, fainali ni yako. Akaanza kuiota mchana. Akiosha vyombo anaiona, akianika nguo anaisikia. Katika ndoto hiyo watu wote wamenyamaza, mpira umetulia juu ya kiganja chake, na akiurusha juu haurudi haraka.

Nusu fainali ilichezwa alasiri. Mwamuzi mwenzake alikuwa mtoto wa kaka yake, msichana mrefu mwenye macho makali, ambaye nyumbani humwita shangazi na uwanjani hamwiti kitu. Mezani alikaa msimamizi wa waamuzi, mwanamume mpole aliyeitwa Bwana Kanuni kwa sababu alizijua zote kwa moyo, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwatazama wao wawili.

Katika moja ya timu alikuwamo mchezaji waliyemwita Mnara. Goti lake lilivunjika misimu miwili nyuma, na madaktari walimshauri atafute kazi ya kukaa. Hakutafuta. Alionekana akipanda na kushuka ngazi za jukwaa peke yake, uwanja mtupu, akishikilia reli kama mtoto anayejifunza kutembea. Siku hiyo ndiyo aliyorudi. Mambo hayakumnyookea. Mipira yake yote iligonga chuma na kutoka. Kabla ya mapumziko alipigiwa filimbi kwa kumsukuma mtu, akapiga magoti na kuanza kuichapa sakafu kwa viganja. Mama Filimbi akavuta pumzi, akaiachia. Mnara bado anachapa. Viganja vikakutana.

"Mama, nimeipiga sakafu, sijampiga mtu."

"Sakafu haijakukosea. Iache."

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lingemtoa.

Ilikuwa robo ya mwisho, jua limehamia madirisha ya upande wa pili na uwanja wote umekuwa rangi ya chai ya maziwa, Mnara alipopokea mpira karibu na mstari. Akamhadaa mmoja, akaruka kwa mguu uleule uliovunjika, akapanda, na kwa macho ya Mama Filimbi alipanda taratibu mno, kama anayenyanyuliwa na watu. Mpira ukapita kikapuni bila kugusa chuma. Mnara akashuka, akatembea kidogo, halafu akakaa chini, palepale chini ya kikapu, akafunika uso kwa fulana. Mabega yakaanza kutikisika.

Kulia ni kulia. Sheria ilikuwa imelitaja kwa jina lake. Isitoshe alikuwa amekaa mahali ambapo wapinzani walipaswa kuanzishia mpira.

Nahodha wa wapinzani, anayeitwa Kidevu, aliokota mpira na kumgeukia mwamuzi. "Huyo amekaa kuvua viatu au vipi?"

Mama Filimbi alivuta pumzi. Hakuiachia.

Kelele za jukwaani zilianza kwenda mbali. Aliona vumbi likielea ndani ya mwanga. Aliona mkono wa baba yake, ule wenye kovu kidoleni, ukishusha kamani polepole mahali pake. Kifua kilianza kuwaka. Viganja vyake vilikuwa tayari, kimoja juu, kimoja chini, na kati yao palikuwa na nafasi ya kupitisha kadi. Alijua Bwana Kanuni anamtazama. Alijua vilevile kwamba fainali yake imekaa ndani ya nafasi hiyo. Masikio yalipiga mluzi, uwanja ukajaa maji mpaka juu ya vichwa vya watu, na ndani ya maji hayo alimwona Kidevu akifungua mdomo kusema jambo jingine, akamtazama yule aliyekaa, akaufunga. Kidevu aliubana mpira kwapani na kuanza kuukagua ubao wa kikapu kana kwamba kuna mtu aliyeandika kitu pale.

Mnara akashusha fulana. Akajifuta uso kwa mkono, akaegemea goti zima, akasimama, akaenda zake upande wa pili akichechemea.

Hapo ndipo Mama Filimbi alipohema. Alitaka kusema "cheza", sauti haikutoka. Akaonyesha kwa mkono. Mchezo ukaendelea, na timu ya Mnara ikafungwa, tena si kidogo.

Chumba cha waamuzi kilikuwa na benchi moja, sinki lenye bomba linalodondosha, na misumari ya kutundikia nguo. Shangazi na mpwa walikuwa wakifungua kamba za viatu Bwana Kanuni alipobisha.

"Dada, pole na kazi."

"Tumeshapoa. Ingia, usisimame mlangoni kama mdai kodi."

Aliingia, akakaa mwisho wa benchi. "Yule aliyekaa chini."

"Pumzi ilikuwa haijaisha."

"Pumzi ya nani?"

"Yangu."

Bwana Kanuni alitazama bomba. "Nilikuona. Uligeuka rangi ukawa kama majivu. Nilisema moyoni, huyu mama anatufia hapa." Akamgeukia. "Kamati ya ligi inakaa kesho. Mimi nilikuwa mbali, nikisema sikuona vizuri sitakuwa nimedanganya sana. Lakini watamuuliza mwamuzi wa pili. Yeye alikuwa karibu." Alimtazama msichana, akasimama, akaaga.

Wakavaa, wakatoka mpaka barabarani. Mafundi viatu walikuwa wanakusanya vifaa vyao, mwanamke mmoja alikuwa ananyunyizia maji mbele ya duka lake ili vumbi litulie. Mama Filimbi alitembea katikati ya haya yote kama aliyetoka kuogelea, mwili mwepesi, masikio bado yamejaa.

"Nitasema nilikuwa namtazama kocha," mpwa akasema.

"Kocha yupi? Mwenye kitambi au mwenye matusi?"

"Yeyote. Shangazi, usinichekeshe. Nikisema sikuona, fainali unayo. Nikisema niliona, unaikosa, na wanampa anayefuata."

"Anayefuata ni nani?"

Msichana alikaza macho chini. "Unajua ni nani."

"Najua. Nataka ujisikie ukilitamka."

"Ni mimi. Na siitaki namna hiyo. Watu watasema nimemtia shangazi yangu kisu ili nipite."

"Watasema. Wakichoka watahamia kwa mwingine." Mama Filimbi alisimama kungoja gari lipite. "Wewe ulikuwa wapi hasa?"

"Nyuma ya Kidevu. Niliona kila kitu. Nilikuona na wewe." Sauti yake ilipungua. "Nilikuwa nimeshika filimbi mdomoni. Ningeweza kupiga mimi."

"Kwa nini hukupiga?"

"Nilikuwa nakungoja."

Shangazi akatikisa kichwa. Walifika kwenye kona ya nyumba yao, ukuta ulionyonya joto la mchana, na akauegemea kwa mgongo. Kwa kitambo aliiona fainali tena, watu wamenyamaza, mpira juu ya kiganja. Alijaribu kukiangalia kiganja vizuri. Kilikuwa kichanga kuliko chake. Iliuma, tena iliuma kweli.

"Sikiliza," alisema. "Kesho utakwenda kwenye kamati. Utawaambia: alikaa chini, alilia, shangazi hakupiga, na mimi sikupiga. Manne hayo. Usipunguze, usinipambe."

"Wakiuliza ulikuwa na maana gani?"

"Waje waniulize mimi, nyumbani nipo. Wewe ni shahidi wa macho, hukuitwa kueleza moyo wa mtu." Alimshika mpwa wake bega, akamgeuza watazamane. "Halafu fainali utaichezesha. Humo ndani kuna watu watalia, wa furaha na wa uchungu. Safari hii usimngoje mtu. Utaamua mwenyewe, na ukishaamua hutamtazama anayekaa mezani."

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Utarudi uwanjani siku ya pili."

Msichana akafuta macho kwa kisigino cha mkono, haraka, kama mtu anayeogopa kuonekana.

"Kaoge," shangazi akasema. "Kamati inakaa asubuhi, na uvae ile sketi nyeusi."